Kabla Hujakata Tiketi Nyingine

Kaa, mwanangu. Hapo karibu na feni. Chai nimeipika mwenyewe, ya maziwa na tangawizi, maana wenyeji wetu hawa wa Guangzhou chai ya namna hiyo hawaijui. Kunywa polepole. Mimi nikisema sana nakohoa, na leo nina maneno.

Picha zako nimeziona. Hong Kong, kisha Shanghai, kisha Brussels kwenye baridi ya Februari, beji shingoni, nyuma yako pazia lenye nembo za wafadhili. Umependeza. Mama yako amezisambaza kwa ukoo mzima. Lakini juzi kijana mmoja wa Morogoro, anayetumia hizo programu huria mnazozitafsiri, alinitafuta mimi, mzee wa mizigo, kuniuliza kama najua uliko. Tovuti yenu ilikuwa haifunguki wiki ya pili na hakuna mwingine mwenye nywila. Mimi! Nifanye nini, niipakie kwenye kontena?

Sikukatazi makongamano. Mimi nimekula kwa maonyesho. Haya ya Canton, hapa hapa mjini, yalianza mwaka 1957, na hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, kwa awamu tatu: mashine na vitu vya umeme kwanza, vyombo vya nyumbani baadaye, nguo na viatu mwisho. Mgeni akifika uwanja wa maonyesho wa Pazhou mara ya kwanza huzunguka kumbi mpaka miguu ivimbe, akiskani WeChat ya kila anayemsalimia, na jioni anarudi mtaani Xiaobei na begi la katalogi asizozisoma kamwe. Mzoefu huingia akijua anakwenda kuonana na nani. Atakunywa naye chai, kesho watapanda gari mpaka kiwandani, Foshan au Guzhen. Biashara yenyewe ni ile miezi inayofuata: kukagua mzigo, kuhesabu katoni, kugombana juu ya unene wa bati. Hayo hakuna anayeyapiga picha.

Agosti 2018 mabingwa wa ramani na programu huria kutoka pande zote za dunia walikutana Dar es Salaam, kwenye kongamano la FOSS4G. Ilikuwa heshima kubwa kwetu. Ila Dar ilikuwa na cha kuonyesha, kwa sababu tangu 2015 wanafunzi wa vyuo vyetu, katika mradi wa Ramani Huria, walikuwa wakipita Tandale na Manzese na simu mkononi, wakiandika mtaro uko wapi na maji ya mafuriko hufika mlango wa nani. Kongamano likaja likaikuta kazi. Wewe siku hizi unataka kongamano litangulie, kazi itafuata tukijaliwa.

Nikwambie habari nyingine ya kwetu. Mwaka 2004, wewe bado mchanga, mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice: programu za kuandikia barua na kupigia hesabu, menyu zote kwa Kiswahili. Wasomi wetu, pamoja na kampuni ndogo ya Sweden iitwayo IT+46, walikaa na orodha ya istilahi wakaipitia neno kwa neno. Kazi nzuri, na kuna vijana wengi leo wanaotafsiri programu wasiojua kuwa walitanguliwa. Sasa sikiliza upande wa pili. OpenOffice.org yenyewe ilikuwa huria, msimbo wake yeyote angeweza kuuchukua. Jina na seva, hapana. Hivyo vilikuwa vya Sun Microsystems. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle ikainunua Sun. Watu waliokuwa wakiitunza programu ile kwa miaka hawakuwa na uhakika wa kesho yao, na Septemba mwaka huo wakajitenga, wakaunda taasisi yao, The Document Foundation, wakaiomba Oracle iwaachie jina. Hawakuachiwa. Ndiyo maana leo unaandikia LibreOffice. Msimbo waliondoka nao. Jina lilibaki kwa aliyekuwa na ufunguo, jina lile lile ambalo watu wetu wa Dar walikuwa wameliwekea Jambo mbele yake.

Haya, na wewe? Jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe yako. Seva inalipiwa kwa kadi yako, na kadi hiyo muda wake ulikwisha ukiwa angani. Nywila zimo kwenye simu yako peke yake. Una tofauti gani na Oracle, isipokuwa Oracle ina pesa?

Usinune. Najua hukufanya kwa ubaya. Ulianza peke yako, usiku, chumbani bwenini, na aliyeanza peke yake huzoea kufanya peke yake. Makongamano yakaja kuukomaza ugonjwa. Jukwaa linataka uso mmoja. Anayekualika anataka jina moja la kuandika kwenye ratiba, na mfadhili anataka mtu mmoja wa kumpa mkono. Ukirudi nyumbani umeshaamini kuwa jumuiya ni wewe. Wenzako nao wameamini, ndiyo hatari yenyewe, maana wameacha kushika kazi.

Na mji huu hauruhusu uzembe wa namna hiyo. Ukiweka seva ndani ya China, tovuti lazima isajiliwe serikalini na namba yake iandikwe chini ya ukurasa. Ukiiweka nje, siku nyingine inafunguka, siku nyingine inasuasua. GitHub, mnakoweka msimbo wenu, ilizibwa hapa kwa siku kadhaa Januari 2013. Gitee, ambayo ni ya Wachina wenyewe, Mei 2022 iliziondoa hadharani hazina za watu kwa muda mpaka zikaguliwe. Silalamiki, nchi ya watu ina sheria zake na sisi ni wageni. Lakini mtu anayeishi Guangzhou akaweka kitu cha wengi mahali pamoja, chini ya ufunguo mmoja, huyo hajataka kuona.

Yule Zhang Xiaolong, bwana wa WeChat, miaka ya tisini alikuwa hapa hapa mjini akitunza Foxmail, programu ya barua pepe aliyoiandika mwenyewe na kuigawa bure. Haikuwa huria kama zenu, lakini ilipendwa na mamilioni, na mtunzaji alikuwa mmoja. Mwaka 2000 ikauzwa. Nani atamlaumu? Mfinyanzi hulia gaeni, na mtu huchoka kulia gaeni. Ila wale mamilioni hawakuulizwa.

Najua utakalosema: basi nitampa yeyote anayejitolea. Ngoja kwanza.

Kuna programu ndogo ya kubana mafaili, XZ Utils, iliyomo ndani ya karibu kila Linux. Mtunzaji wake alikuwa Lasse Collin, mtu wa Finland, aliyeifanya kazi ile kwa miaka mingi bila mshahara. Akachoka, na akasema wazi kuwa afya ya akili inamsumbua. Mwaka 2022 zikaanza kuingia barua za watu wasiojulikana, wakimlaumu kuwa ni mzito, wakitaka awaachie wengine. Na mwingine alikuwapo tayari, mpole, mchapakazi, akijiita Jia Tan. Akapewa nafasi. Aliitumikia kazi ile kwa zaidi ya miaka miwili, subira ambayo sijaiona kwa mwizi yeyote hapa Xiaobei wala Kariakoo. Februari 2024 akaingiza mlango wa siri ndani yake. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, mwezi uliofuata: aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa nusu sekunde, akakataa kupuuza. Nusu sekunde, mwanangu. Wewe tovuti imelala wiki mbili. Jina la huyo Jia Tan lina sura ya Kichina, lakini mpaka leo hakuna aliyejitokeza kusema amewahi kukaa naye meza moja.

Hapo ndipo ninapokubaliana na nauli. Kongamano lina faida hii, nyingine zote ni ziada: unamwona mtu. Unakula naye, unamsikia anavyowazungumzia wenzake wasipokuwapo, unajua anaamka saa ngapi. Mimi sijawahi kumtumia mtu fedha za mzigo kabla sijakanyaga kiwandani kwake, na bado nimeliwa. Ukienda Brussels ukawaona watu elfu, na wale watano mnaofanya nao kazi hujawahi kuwaona, umekwenda kutembea tu. Kutembea si dhambi, lakini usikuite kazi.

Basi fanya hivi. Yule binti wa Kigoma mnayesoma naye, mnajuana miaka yote hii, amekuuguza, umemkopesha, amelipa. Yeye apewe nywila leo, nakala kamili, na jina la tovuti liandikwe kwa anwani ya jumuiya ambayo wote wawili mnaifungua. Nakala rudufu ya kila kitu ikae nyumbani Tanzania pia. Nywila usiwape watu unaowajua kwa barua pepe tu, hata yule wa Morogoro, ambaye ametuma marekebisho mwaka mzima na hujui hata anafanya kazi gani mchana.

Kisha mwandikie mfadhili wa safari yako ya Oktoba. Mwombe ile tiketi ya ndege aigeuze nauli za basi, Morogoro, Tanga, Arusha na Dodoma mpaka Dar, kwa wale ambao kazi yao inaonekana, na chumba chenye intaneti kwa siku mbili utakaporudi likizo. Usiweke pazia la nembo. Akikataa, nauli hizo nitazitoa mimi, nitazikata kwenye kamisheni ya mzigo wa taa unaoondoka bandarini Nansha. Na huyo wa Morogoro mpigie sasa, si kesho, umwombe radhi kwa hizo wiki mbili.