Kamari: Ni Nini Kimvutacho Mtu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Kwamba kamari ni haramu, hilo halina khitilafu baina ya Waislamu, wala hatukushika kalamu kuthibitisha lililokwisha kuthibiti. Hukumu yake i wazi katika Suratul Baqara, aya ya 219, na katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, na kila mtoto aliyepita chuoni ameisikia. Walakini liko swali jingine ambalo ni nadra kuliuliza, nalo ndilo tutakalo kulitazama katika kurasa hizi chache. Ikiwa mtu ajua kuwa kamari ni haramu, tena aona kwa macho yake kuwa wengi waichezao hutoka mikono mitupu, basi ni nini kimvutacho? Asiyejua mwizi ameingilia mlango gani hawezi kuuziba mlango huo, hata akikesha usiku kucha akimlaani mwizi.

Jawabu iliyo midomoni mwa watu ni moja: tamaa ya mali. Jawabu hii si uwongo, lakini haitoshi. Lau ingekuwa ni tamaa ya mali peke yake, mchezaji angeondoka siku ile aliyopata. Nasi twaona kuwa aliyepata leo hurudi kesho kwa haraka zaidi. Na tazama khabari za maysir ya Waarabu wa zama za Ujahili. Walikuwa wakichinja ngamia na kumgawa mafungu, kisha hutiwa mishale kumi katika mfuko: saba ina mafungu yake, tangu fungu moja hata saba, na mitatu ni mitupu. Aliyetokewa na mshale mtupu hakupata nyama, na bei ya ngamia ikawa juu ya walioshindwa. Nao walioshinda, kama wasimuliavyo wanazuoni, wengi wao hawakuila nyama ile, bali waliwapa maskini na kujifakhirisha kwayo. Basi ikiwa mshindi hakula alichoshinda, ni tamaa gani iliyomkalisha mbele ya mfuko ule? Qurani yenyewe haikukanusha kuwa katika maysir mna manufaa kwa watu. Ilisema kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Maskini walishiba, na bado ikaharimishwa.

Sisi twaona kuwa mcheza kamari anunua tumaini. Anunua ule muda ulio baina ya kuweka pesa na kujua matokeo. Katika muda ule yeye si mtu asiye na kazi, wala si mdeni, wala si baba aliyeshindwa na ada ya skuli. Ni mtu ambaye huenda baada ya saa moja akawa tajiri. Moyo wake wadunda, na dunia yake imefunguka. Matokeo yakija, muda ule umekwisha, apate au akose. Na akiutaka tena hana budi kuununua tena. Ndiyo maana kupata hakumtoshi.

Wenye ilimu ya nafsi wamelichungua jambo hili hata kwa wanyama. Mmarekani B. F. Skinner, pamoja na mwenziwe Charles Ferster, walitoa mwaka 1957 kitabu cha majaribio yao juu ya njiwa. Njiwa alidonoa kidude akapewa nafaka. Alipopewa baada ya idadi ya madono isiyojulikana, mara chache, mara nyingi, alidonoa mbio bila ya kupumzika, na hata nafaka ilipokatwa kabisa aliendelea kudonoa kwa muda mrefu. Riziki yenye kanuni humfundisha kiumbe wakati wa kuacha. Riziki ya kubahatisha haimfundishi, kwa kuwa kila dono laweza kuwa ndilo.

Juu ya hayo pana hila nyingine, nayo ni hila ya kukosa kidogo. Vijana wetu hucheza kwa kuagua mechi za mpira, wakaziunga nyingi pamoja, na karatasi hiyo wakaiita mkeka. Chukua mkeka wa mechi kumi, na tuseme kila mechi ina nafasi sawa ya kusibu na kukosa. Hesabu yasema kuwa utasibu mechi zote kumi mara moja tu katika mara 1,024. Lakini kusibu tisa na kukosa moja hutokea mara kumi katika hizo 1,024. Yaani kukosa kwa mechi moja ni kwingi mara kumi kuliko kupata. Kijana hupiga kiganja akasema, "Mechi moja tu imenichania mkeka!" naye adhani kuwa amekaribia. Hakukaribia kitu, ndivyo hesabu ilivyo, na kesho itakuwa vivyo hivyo. Walakini moyo hausomi hesabu. Mwaka 2009 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kuwa kukosa kwa karibu huamsha sehemu zile zile za ubongo ziamshwazo na kupata, na humzidisha mtu hamu ya kucheza. Khasara imevaa nguo za faida, na mtu aikaribisha nyumbani.

Hila ya tatu ni kudhani kuwa bahati ina deni. Tarehe 18 Agosti 1913, katika nyumba ya kamari ya Monte Carlo, gurudumu lilitua juu ya rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walimwaga mali zao juu ya nyekundu, wakisema kuwa sasa zamu yake lazima ifike, wakafilisika. Gurudumu halina kumbukumbu wala halina insafu. Halijui kuwa wewe umekosa mara ishirini. Na gurudumu la namna hiyo lina nambari 37, tangu sufuri hata 36. Lau ungeweka shilingi moja juu ya kila nambari, ungetoa shilingi 37 na kurudishiwa 36. Shilingi moja hubaki kwa mwenye nyumba kila mara, wala hahitaji kudanganya, subira yamtosha.

Na hila ya nne, nayo ndiyo iuayo, ni kukimbiza khasara. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuwa maumivu ya kupoteza humpita mtu kuliko furaha ya kupata kiasi kile kile, na kwamba aliye katika khasara huthubutu khatari ambayo mwenye faida huikimbia. Hapo ndipo aliyepoteza mia huweka mia mbili ili azirudishe zile za kwanza, kisha akakopa. Fyodor Dostoevsky, mwandishi mashuhuri wa Urusi, alimaliza pesa zake katika kamari mjini Wiesbaden mwaka 1865. Mwaka 1866 akaandika kisa kizima cha mcheza kamari. Na bado hakuacha mpaka mwaka 1871. Aliweza kuueleza ugonjwa wake kwa ufasaha, ila kueleza hakukumponya. Basi na tusidhani kuwa kijana wetu ataacha kwa sababu tu tumemweleza.

Huenda mwenye kuhoji akasema: "Na mvuvi je? Naye hutupa wavu asijue atavua nini. Na mwenye jahazi hupakia mali asijue kama itafika. Maisha yote si kamari?" Twajibu kuwa khatari si kamari. Mvuvi akivua, hakumpokonya mtu. Samaki wake ni chakula cha mji. Mcheza kamari hapati senti ila imetoka mfukoni mwa aliyekosa. Tena mvuvi akirudi mtupu, amerudi na ilimu: amejua upepo, amejua mwamba, na mwakani atakuwa mvuvi bora. Mcheza kamari wa miaka ishirini hajui juu ya gurudumu ila alilolijua siku ya kwanza. Na mvuvi hutweka tanga, hushona wavu, kisha hutegemea kwa Mola wake, kama alivyofunzwa yule bedui na Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, amfunge ngamia wake kwanza ndipo ategemee. Kamari ni kutegemea bila ya kufunga ngamia. Huiga sura ya tawakkul na kuipindua. Mtu ameumbwa atumaini ghaibu, nalo ni tumaini tukufu; kamari huliteka na kulielekeza kwa kitu kisicho na huruma.

Sasa enyi ndugu zetu, tujitazame sisi wenyewe. Zamani mcheza kamari alikwenda mahali, akaonekana na jirani, akasutwa. Tangu mwaka 2007, ilipoanza nchini Kenya huduma ya kutumiana pesa kwa simu, pesa zimekaa kiganjani. Na kamari ilipozifuata huko, mtu huweza kucheza kitandani mkewe amelala, au barazani kati ya wazee wasione. Serikali hujaribu: mwezi wa Aprili 2025 bodi ya Kenya isimamiayo kamari iliamuru matangazo yake yasimame kwa siku 30, na mwaka huo huo sheria mpya ya kamari ikatiwa saini. Ni kheri, lakini sheria haiingii chini ya shuka.

Na nani ashikwaye upesi? Ni yule ambaye hana tumaini jingine. Kijana aliyemaliza skuli, akabisha milango yote isifunguke, akija kwetu twampa waadhi, na simu yampa ahadi. Waadhi ni wa kweli na ahadi ni ya uwongo, walakini mwenye njaa hutazama sahani kwanza. Sisi tulio na maduka, na majahazi, na mashamba, tumemfungulia mlango gani? Mtaji mdogo wa kuuza samaki, kufunzwa useremala au ufundi wa mashine, mkopo usio na riba: hivi ndivyo viwezavyo kushindana na mkeka, kwa kuwa navyo ni tumaini, tena tumaini lenye kazi ndani yake.

Na aliyekwisha kushikwa, tusimfedheheshe, kwani fedheha humrudisha gizani alikotoka. Amwambie mtu mmoja mwaminifu. Aandike kila shilingi aliyoweka na kila aliyopata, apate kuona jumla, maana kumbukumbu ya mchezaji huhifadhi ushindi na kusahau khasara. Pesa zake azishike mwingine kwa muda. Na asikimbize kilichopotea; akihesabu kuwa ni mali iliyozama baharini.

Tena kuna dawa ambayo Mtume wetu aliitaja, kama alivyopokea Abu Huraira: mwenye kumwambia mwenziwe waje wacheze kamari, naye atoe sadaka. Tafakari hekima yake. Neno tu, kabla ya mchezo, lataka sadaka. Mkono uliokwisha kunyooka kutwaa cha mwenzio bila ya badali, waamriwa unyooke kumpa mwenzio bila ya badali. Pesa ile ile, kiganja kile kile, na tumaini pia liko, ila hili ni kwa Asiyekhalifu ahadi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vijana wetu, na atupe sisi moyo wa kuwafungulia milango ya halali. Wabillahi tawfiq.