Viti Vinne vya Akheri

Ndugu msomaji, kabla hujanihukumu naomba unisikilize mpaka mwisho, maana mwenyewe nimeshajihukumu mara tatu na kila mara hukumu imetoka tofauti.

Kwanza nieleze shughuli yangu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kuning'inia, na tangu hapo nimekuwa nikiandika riwaya usiku na kupiga msasa mchana katika karakana ya mjomba wangu huku Ngarenaro. Riwaya haijaisha. Msasa nao hauishi. Mjomba hutengeneza makochi makubwa ya sponji, yale yenye mikono minene kama mapaja ya fahali, kwa sababu ndiyo wateja wanayoyataka. Kuna siku tuling'oa fremu ya mlango wa mteja ili kochi liingie sebuleni, na lilipoingia, mwenye nyumba akawa anapita ubavu ubavu kama kaa. Alifurahi sana.

Mimi moyo wangu uko kwingine. Napenda vile viti vyepesi vya mbao vya miaka ya 1960 na 1970, ambavyo miguu yake imetanuka kidogo kwenda nje, mikono yake imechongwa myembamba kama mwiko, mgongo umelala, na juu yake mito miwili tu ambayo unaweza kuitoa na kuifua. Bila shaka unavijua. Ulivikuta kwa babu yako, au kwenye nyumba za serikali, au ofisini kwa mwalimu mkuu siku ulipoitwa kuchapwa. Tulivikalia bila kuvitazama.

Huko Ulaya vina majina na vinaandikiwa vitabu. Hans Wegner wa Denmark alibuni mwaka 1949 kiti cha mbao ambacho miaka kumi na moja baadaye John Kennedy alikikalia kwenye mdahalo wake wa televisheni na Richard Nixon. Waitaliano nao walichukua mikanda ya mpira ya kampuni ya matairi ya Pirelli wakaitandaza chini ya mito ya makochi badala ya springi. Huku kwetu watu wa nchi za Nordiki walianza mradi wao wa Kibaha mwaka 1963, na hapa Arusha ilipowekwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1967, walikuja maofisa kutoka nchi tatu, na ofisa haanzi kazi bila kiti. Basi fundi wa kwetu akishakiona kiti cha bosi hana haja ya mchoro. Anakipima kwa jicho, anarudi kijiweni, anakichonga kwa mninga. Kwa hiyo mtu wa kipato kidogo anayetaka sebule yenye sura nzuri hana sababu ya kuiota Dubai. Vitu vipo humu humu, nyuma ya majiko na kwenye mabanda ya kuku.

Vipo pia kwa wanaohama. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, watu wake wengi walilazimika kufungasha na kuondoka mjini hapa, na anayefungasha hauzi kwa bei ya duka. Ila ukikuta kiti, usikiangalie usoni. Kigeuze juu chini. Tazama kama viungo vimeshikana kwa ulimi na tundu au kwa misumari, pitisha kidole uone kama kuna vumbi la dudu, kisha kinyanyue kwa mkono mmoja. Mito isikutishe hata ikiwa imeoza, sponji inanunuliwa. Unachonunua wewe ni mifupa.

Sasa nifike kwenye kesi yangu.

Mwaka jana mwezi wa saba tulipeleka kabati Akheri, kule juu ya Tengeru, njia ya kupita katikati ya migomba na kahawa. Nyumba ya jirani kulikuwa na bibi mmoja amekaa barazani, na pembeni yake viti vinne vya aina hiyo. Kimoja amekalia yeye, kimoja amekalia kuku. Nikaamkia, shikamoo bibi, akaitikia, tukaongea. Mjukuu wake alikuwa anatarajia wageni wa posa, na bibi alitaka kuviondoa vile viti ili sebuleni kuwe na makochi ya kueleweka. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa Jumuiya, ndiye aliyevichongesha mjini kwa fundi. Nikakigeuza kimoja. Hakuna msumari hata mmoja. Chini ya mto kulikuwa na mikanda iliyokatwa kwenye tyubu ya gari, imevutwa sawasawa, kazi ile ile ya Waitaliano, ila hii ilifanywa na mtu aliyekuwa na tyubu mbovu na akili nzuri.

Moyo ulinidunda, nakiri. Nilimjua mtu mjini mwenye nyumba ya kulaza watalii ambaye angetoa laki na nusu kwa kila kimoja bila kukohoa. Nikaweka uso wa mazishi nikasema, "Bibi, vimechoka hivi." Akauliza nitampa ngapi. Nikasema elfu kumi na tano kila kimoja. Akashukuru. Alinipa chai ya maziwa na chane la ndizi nipeleke kwa mama.

Neno "vimechoka" halikuwa uongo, vanishi ilikuwa imechoka kweli. Ndio ubaya wake. Nililichagua neno la kweli nikalituma kufanya kazi ya uongo.

Viwili niliviuza laki tatu na elfu ishirini. Viwili nikabaki navyo chumbani, kimoja nakikalia ninapoandika. Mshikaji wangu mmoja nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Kwani nilimwekea panga shingoni? Bibi alitaka kuuza, akataja haja yake, akapata. Mtaji wa mwenzetu ni duka, mtaji wangu ni macho. Hoja hiyo si ya kijinga. Nikaamua kuipigia hesabu. Viti viwili nilivyouza vilinigharimu elfu thelathini kununua, kirikuu elfu ishirini na tano, msasa na vanishi elfu kumi na nane, sponji na kitambaa elfu hamsini na mbili. Jumla laki moja na elfu ishirini na tano. Nilifanya kazi siku tatu, na kwa mjomba nalipwa elfu kumi kwa siku, weka thelathini. Inabaki laki moja na elfu sitini na tano. Hiyo ni malipo ya nini? Sehemu, sawa, ni ya kujua. Nimesoma, nimetembea, nimegeuza viti vingi vya watu juu chini. Lakini sehemu nyingine nililipwa kwa kunyamaza, na kila nikijaribu kuona mpaka kati ya hizo mbili, sioni.

Jirani yetu mwenye duka la nafaka, mtu wa swala tano, aliniambia jambo lililonikaa. Kwamba Mtume alikataza watu kutoka kwenda kuipokea misafara njiani na kununua bidhaa zake kabla haijafika sokoni. Na kama mtu ameuza hivyo, akishafika sokoni akaiona bei, ana hiari ya kuvunja mauzo. Mimi ni Mlutheri wa mara moja moja, lakini niliielewa upesi. Mama anayeshusha nyanya zake Tengeru siku ya gulio amekuja mwenyewe, anasikia jirani anauzaje, anakataa au anakubali. Yule bibi hakuwa sokoni. Nilimfuata barazani kwake, na soko zima lilikuwa ndani ya kichwa changu, nimelifungia mlango.

Halafu kuna Mrumi mmoja ambaye Cicero anamtaja katika kitabu chake juu ya wajibu. Anaitwa Scaevola. Alitaka kununua shamba, akaomba mwenye shamba ataje bei moja ya mwisho. Akatajiwa. Scaevola akasema mimi naliona lina thamani zaidi, akaongeza sesta laki moja. Nilivyosoma hapo nilifunga kitabu kwa hasira. Tajiri anaweza! Mimi ningeongeza nini, nyanya? Lakini baada ya hasira swali lilibaki pale pale, kwa sababu Scaevola kabla ya kutoa senti alitoa taarifa. Kumwambia mtu kwamba kitu chake ni kizuri ni bure kabisa, hata mpiga msasa anayo.

Hapa ndipo India inapoingia. Miaka ya 1950 walijenga mji mpya wa Chandigarh, na Pierre Jeanneret, binamu yake Le Corbusier, akasimamia samani zake, viti vya msaji na henzerani kwa ajili ya makarani na wanafunzi. Vilitengenezwa kwa maelfu, kwa bei ya kawaida. Vilipochakaa vilirundikwa juu ya mapaa na kunadiwa kama taka. Wafanyabiashara wa Ulaya wakavinunua kihalali kabisa mnadani, wakavisafisha, wakaviuza Paris na New York kwa maelfu ya dola kimoja. Mwaka 2011 serikali ya India ikatoa amri ya kuzuia visiuzwe wala kutolewa nje, wakati vingi vimeshaondoka. Hakuna aliyeibiwa. Hata hivyo ukiangalia unaona kuna mji ambao ulikuwa na kitu, na siku ulipojua unacho, haukuwa nacho tena. Sisi na milango yetu ya Zanzibar tusicheke.

Nilikuwa nimeficha jambo moja, msomaji, sasa nilitoe. Siku ile tunapakia, bibi aliuliza, "Mjukuu wangu, kwani vitu hivi siku hizi vinamfaa nani?" Swali lake lilikuwa la kweli, alitaka kujua. Nami nikacheka nikamjibu, "Wanaoanza maisha, bibi." Hapo hata mshikaji wangu alinyamaza. Mnunuzi halazimiki kutoa semina kwa kila muuzaji, hilo nalikubali. Ila mtu akikuuliza usoni, umekunywa chai yake, ukamjibu namna ile, basi umeshatoka kwenye biashara.

Nikaweka laki moja kwenye bahasha nikapanda Akheri. Kwa nini laki moja na si laki na sitini na tano? Kwa sababu nilikuwa nimeshakula.

Sebuleni makochi mapya yalikuwa bado kwenye nailoni. Yalikuwa yamejaza chumba, mlango wa ndani haufunguki wote. Posa ilikubaliwa, wageni walikaa vizuri. Nikamweleza yote kwa kigugumizi, viliuzwa ngapi, na kwamba nilijua tangu mwanzo. Nilitegemea anifukuze au anibariki, riwaya yangu ina mambo kama hayo. Hakugusa bahasha kwa muda. Akasema, "Kwa hiyo ni vizuri."

"Ni vizuri sana, bibi."

"Babu yako alikuwa anasema hivyo kila siku. Mimi nikaona ni maneno ya mtu asiyetaka kununua vipya."

Nilikuwa nimejiandaa kwa habari ya pesa, na pesa nilikuwa nayo mkononi. Kwa hilo sikuwa na kitu cha kumpa. Kama ningemjibu kweli siku ile, huenda angeuza vile vile, posa ni posa. Au angebakiza kimoja. Angeamua yeye, na mumewe angeshinda ubishi ule wa miaka mingi angalau akiwa kaburini.

Akafungua bahasha, akahesabu taratibu kwa kulowesha kidole, akachomoa elfu kumi na tano akanirudishia. "Niletee kimoja." Nikasema bibi, nitakuletea bure, si umeona mwenyewe. Akakataa. "Nilikuuzia. Na wewe niuzie." Nikazipokea, kwa sababu kukataa ingekuwa kumnyima tena kitu kingine.

Jumamosi nilipanda na kiti kwenye bodaboda, nimekikumbatia kutoka Tengeru hadi juu, watu wananishangaa. Ndani hakikuingia, makochi hayakuacha nafasi, tukakiweka barazani pale pale kilipokuwa. Bibi akauliza vile viwili vya mjini vinaweza kurudi. Nilikuwa nimeshamuuliza yule bwana, na sasa anataka laki nne kwa kila kimoja. Nikamtajia. Bibi akapiga makofi akacheka, akaniambia niketi kwenye ngazi, yeye akaketi kwenye kiti. Baadaye alipoinuka kwenda jikoni kuku akapanda, naye akarudi na fimbo.