Msimu wa Palizi

Kwetu Kabuchai mtoto hubeba msimu katika jina lake. Wa mvua huitwa Wafula au Nafula. Wa mavuno, Wekesa au Nekesa. Wa kiangazi, Simiyu au Nasimiyu. Na yupo wa palizi: Wanyonyi. Wengine huyarithi majina haya kutoka kwa babu na nyanya waliotangulia, lakini maana haipotei. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini wazee waliona palizi inastahili jina. Kupanda kuna furaha ya mvua za kwanza, na mavuno yana nyimbo zake. Palizi ni kuinama tu. Mgongo unauma, magugu yanarudi, na anayepita barabarani haoni cha kusifu.

Swali hilo lilinirudia Mei iliyopita, nilipokwenda kwa dada yangu karibu na Chwele. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu na anakimbia mita 1500. Ndoto yake ni kupata ufadhili wa kusoma na kukimbia Marekani. Jumamosi moja alitoka kukiwa bado giza, akarudi miguu imepakwa matope mekundu mpaka magotini, akanywa chai kikombe kimoja, akachukua jembe.

Kabla hatujaingia shambani alinionyesha daftari lake la mazoezi: tarehe, umbali, muda, ukurasa baada ya ukurasa. Katikati ya orodha hiyo nikakuta mstari mmoja: "Leo nimetembea kutoka mashine ya kusaga hadi kanisani." Nikamuuliza, kuna mtu aliyekuona? Akasema hapana. Basi kwa nini umeandika? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Si nilitembea, mjomba?"

Tangu siku hiyo nimemfikiria sana Wanyonyi mmoja, kijana wa jirani zetu Trans Nzoia. Emmanuel Wanyonyi aliacha shule akiwa na umri wa miaka kumi hivi akaenda kuchunga ng'ombe, kisha akarudi darasani, na riadha ikamfungulia njia. Mwaka 2021, kule Kasarani, alishinda mita 800 katika mashindano ya dunia ya vijana. Agosti 2024 mjini Paris alitwaa dhahabu ya Olimpiki kwa dakika 1 na sekunde 41.19. Aliyemfuata, Marco Arop, mzaliwa wa Sudan aliyekulia Kanada, alimaliza kwa 1:41.20. Arop alipitia chuo kikuu cha Mississippi State. Mmoja alitoka malishoni, mwingine alitoka chuoni, na kilichowatenganisha kwenye mstari ni sehemu moja ya mia ya sekunde. Ninapowaza hilo naona kwamba njia hutofautiana, lakini hakuna njia inayokwepa palizi. Sehemu moja ya mia haipatikani siku ya fainali. Inatafutwa asubuhi zile ambazo hakuna mtu aliyesimama kando ya barabara.

Ndoto ya chuo ni ndoto njema. Sally Kipyego, binti wa Kapsowar, hakuanzia kwenye jina kubwa. Alianzia chuo kidogo cha South Plains, Texas, kisha akahamia Texas Tech. Huko alishinda mataji tisa ya vyuo huku akisomea uuguzi, na mwaka 2012 akapata fedha ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya London. Kukimbia na kusoma vilikwenda pamoja, na ndivyo inavyotakiwa. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vingi Marekani, huhakiki matokeo ya sekondari kabla ya mwanafunzi kuruhusiwa kushindana. Ufadhili wenyewe mara nyingi hulipa sehemu tu ya gharama. Hata wazazi wana palizi yao: kuuliza, kupiga simu chuoni kwenyewe, kusoma kila karatasi. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai kurudishiwa fedha walizolipia masomo ya watoto wao Ufini na Kanada. Wengine walikuwa wameuza mashamba.

Tena kuna palizi ya pili. Hii huja mahindi yakishanawiri, shamba likipendeza, na mkulima akianza kujiambia kwamba kazi imekwisha. Mwaka 1978 Henry Rono, mwana wa Nandi aliyekuwa akisoma Washington State, alivunja rekodi nne za dunia za mbio ndani ya siku 81. Baadaye pombe ilimwandama kwa miaka mingi, na mwenyewe alilisimulia jambo hilo bila kulificha, kabla hajatuacha mwaka 2024. Simhukumu. Alikuwa kijana mbali na kwao, dunia nzima ikimpigia makofi. Lakini kila ninapomtakia mpwa wangu ndege ya kwenda Marekani, namtakia pia mkono wa kupalilia shamba likishastawi.

Siku hiyo alikuwa ameandika barua kwa kocha wa chuo kimoja, akaniomba niisome. Muda wake bora ulikuwa dakika 4 na sekunde 49, uliopimwa kwa saa ya mkono kwenye uwanja wa nyasi. Mtu mmoja alikuwa amemshauri apunguze sekunde tano, kwa kuwa hakuna atakayejua. Hakupunguza. "Nikifika huko, mjomba," aliniambia, "hizo sekunde tano nitazitoa wapi?"

Sijui kama kocha atajibu. Palizi haiahidi mavuno, na sisi tunaoishi chini ya Mlima Elgon tumewahi kuona mvua ya mawe ikilala juu ya mahindi mazuri. Ila shamba lililopaliliwa huonekana, na mtoto aliyepaliliwa pia, awe Texas au awe hapa Chwele.

Tulipalilia mpaka jua likawa kali. Mimi nilikuwa naongea sana, na kwenye mstari wangu nikaruka kishungi cha sangari kilichojificha kwenye shina la hindi. Hakusema neno. Alirudi hatua tatu nyuma, akainama, akaking'oa na mzizi wake, akakung'uta udongo, kisha akaendelea na mstari wake.