Akahamia, Wakaugua

"Bibi mmoja alihamia mtaani, watoto wakaanza kuumwa."

Hebu isome tena. Sentensi hiyo haijasema kwamba bibi amemroga mtu. Haijataja uchawi wala chuki, haijasema hata kama bibi na watoto hao wamewahi kuonana. Imetaja mambo mawili, ikayapanga foleni. Lakini wewe msomaji umeshaanza kumtazama huyo bibi kwa jicho la pembeni, na nikiendelea kukusimulia kwamba nyumba yake ilichomwa moto usiku, hutauliza kwa nini. Utauliza ni nani aliyewasha kiberiti.

Kazi yote hiyo imefanywa na silabi moja: -ka-.

Shuleni tulikaririshwa mbinu za fasihi mpaka tukazichoka: taharuki, kinaya, tashihisi, taswira, mbinu rejeshi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukutafutia sitiari gizani akaipata. Lakini -ka- haimo kwenye orodha hiyo. Iko kwenye somo la sarufi, ambako tunaambiwa huonyesha tendo linalofuata tendo jingine, kisha mwalimu anahamia kwenye -ki- na -nge-. Kwa maoni yangu, mbinu yenye nguvu kuliko zote katika usimulizi wetu imefungiwa kabati la sarufi, na wahakiki hawana habari nayo.

Mwaka 1927 Mwingereza E. M. Forster alichapisha Aspects of the Novel, na humo akatenganisha hadithi na msuko kwa mfano unaorudiwa madarasani hadi leo. Mfalme akifa kisha malkia akafa, hiyo ni hadithi tu. Malkia akifa kwa huzuni ya kumpoteza mfalme, huo sasa ni msuko, kwa sababu pameingia sababu. Sawa. Sasa ijaribu kwa Kiswahili bila kuongeza neno: mfalme alifariki, malkia akafariki. Mimi nikiisikia, huzuni tayari imo. Hakuna aliyeitaja, lakini imo. Si kwamba Waingereza hawadhani. Binadamu yeyote akiona mambo mawili yameongozana huyafunga kamba. Ila sisi lugha imetupa kamba iliyokwisha kusokotwa.

Na kamba hiyo ina mwendo kasi. "Akaolewa, akazaa, akazeeka." Vitenzi vitatu, maisha ya mtu yamekwisha, na hakuna aliyeuliza kama aliolewa kwa kupenda.

Mfano wangu mkubwa ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na baadaye ikazuiwa shuleni. (Nami nimeitumia hapo, umeiona?) Muulize mtu aliyeisoma zamani akusimulie. Mara nyingi utapata hivi: Rosa alikuwa binti mzuri, akaenda chuo, akaharibika, akajiua. Kila neno ni kweli. Lakini Zakaria yuko wapi? Yule baba mlevi aliyempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, aliyemlea kwa hofu mpaka binti hakujua namna ya kuishi bila ya kutishwa, ametoka kwenye hadithi bila hata ya kuaga. Kezilahabi alimweka mwanzoni kabisa, akampa nafasi kubwa. Sisi katika kusimulia tukamdondosha, kwa sababu -ka- hupenda kushika kile kilichotangulia karibu. Kilichotokea muda mrefu nyuma hakifiki kwenye foleni.

Kwa hiyo naona swali la kawaida la mtihani, "ni nani wa kulaumiwa kwa kuanguka kwa Rosa?", limechelewa. Tulishajibu tulipokuwa tunafanya muhtasari. Muhtasari ndio hukumu yenyewe.

Mtu ataniambia: ndugu, hii ni sarufi tu, unaikuza. Basi tutoke kwenye riwaya kidogo. Huko Kanda ya Ziwa, Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine alama iliyowaponza ilikuwa macho mekundu. Macho yenyewe yamewekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Siwezi kusema kwamba kiambishi kimeua mtu. Panga hushikwa na mkono, na nyuma ya mkono kuna mambo ya ardhi, urithi na umaskini. Lakini kabla ya panga kuna maneno, na maneno hayo si lazima yawe ya uongo. Alipita shambani, ng'ombe akafa. Alikuja msibani, mtoto akashikwa na degedege. Kweli alipita, na kweli ng'ombe alikufa. Ukimshitaki msimulizi kwa uongo, atashinda kesi.

Hapo ndipo swali la maadili linaponikera. Mwongo tunajua namna ya kumshika: tunalinganisha maneno yake na mambo yalivyokuwa. Huyu aliyepanga tu matukio tutamshika wapi? Yeye amesema kweli mbili; ya tatu, ile ya hatari, tumeitunga sisi kichwani. Naamini lawama ni ya wote wawili. Msimulizi anajua msikilizaji atafunga kamba, na anamwachia kazi hiyo kwa makusudi ili mikono yake ibaki safi. Msikilizaji naye anapenda kufunga kamba, maana kisa chenye sababu ni kitamu kuliko kisa cha mambo yaliyogongana kwa bahati.

Sisemi tuiache -ka-. Bila yake hakuna ngano, hakuna sungura na fisi, hata ripoti ya mpira haiendi. Ninachodai ni kwamba mwandishi ana hiari ya kuikata. Rudisha -li-, ongeza kile kilichokuwa kikiendelea pembeni, uone: bibi alihamia mtaani mwezi wa nne, mwezi huo mvua zilikuwa zimefurika hadi maji ya vyoo yakaingia visimani, watoto waliumwa. Hadithi imepoa, ni kweli. Lakini bibi amelala salama.

Abdulrazak Gurnah amewahi kuikata kamba hii mbele ya msomaji. Katika Desertion (2005) tunasoma habari za Rehana na Mzungu Pearce, pwani ya Kenya enzi za ukoloni, tumeshazama. Mara msimulizi anajitokeza na kukiri kwamba hajui hasa ilikuwaje hadi wawili hao wakawa pamoja, anakisia. Wapo wasomaji wanaochukia kitu kama hicho. Wanajiona wamekatiwa umeme katikati ya filamu. Mimi nilifunga kitabu kwa muda, nikajiuliza ni kurasa ngapi nyuma nilizoamini bila kuombwa niamini.

Sasa kuna jambo la pili, gumu zaidi: nani anaruhusiwa kushika kamba? Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, anatuonyesha liwali mwadilifu ambaye kila usiku huchapa manyani wawili. Kwa nini mtu mwema afanye hivyo? Jibu tunalipata kwa Adili mwenyewe, mbele ya Mfalme Rai: hao ni kaka zake, walimhusudu, wakamtupa baharini, wakageuzwa manyani. Mmoja anaitwa Hasidi, kwa hiyo jina limeshamhukumu kabla hajatenda lolote. Na wakati kisa kinasimuliwa, washitakiwa ni wanyama, hawana ulimi. Sidai kwamba Adili anadanganya. Mwandishi alitaka tumwamini, na mimi namwamini. Nasema tu kwamba nimesoma kitabu hicho mara kadhaa bila hata siku moja kutamani kumsikia Mansuri.

Kisa hicho kina asili yake katika Alfu Lela u Lela, katika hadithi ya Abdallah bin Fadhil, ambamo ndugu waligeuzwa mbwa. Huko msimulizi wa zamani aliliona tatizo. Mtawala anataka ushahidi, na mbwa hawasemi. Basi Abdallah anawaambia nduguze: nikisema uongo inueni vichwa vyenu mkodoe macho, nikisema kweli viinamisheni. Wanaviinamisha, na kisa kinaendelea. Anayewauliza ndiye huyohuyo anayewachapa kila usiku.