Pumzi ya Jirani Iliyo Mikononi

Na uchukuliwe mfano huu. Katika hospitali moja ya Shabunda amelala mgonjwa asiyeweza kuvuta pumzi kwa nguvu zake mwenyewe. Kando ya kitanda ipo mashine ndogo ya kupumulia, iwezayo kubebwa kwa mkono, ambayo husukuma hewa kupitia mrija hata ndani ya mapafu. Usiku ndugu anayemlinda mgonjwa akachomoa waya wa mashine ili aitie simu yake umeme. Mashine haikuzimika, kwa maana ina betri ndani yake. Basi ndugu akalala. Lakini betri ile ilikuwa imechakaa, na muuguzi aliyekabidhiwa mashine hakuipima mwezi mzima. Kabla ya mapambazuko mashine ikalia, kisha ikanyamaza. Je, ni nani aliyemwua mgonjwa?

Wengi watajibu: hakuna. Mmoja alihitaji simu, mwingine alikuwa na kazi nyingi, wala hakuna aliyemchukia mgonjwa. Jibu hilo ni jepesi mno. Amri ya Tano haimhusu mwenye panga peke yake. Mtu aliyepokea kazi ya kulinda uhai, akaacha kwa uzembe jambo alilolijua kuwa ni la lazima, ana hatia ijapokuwa hakunyosha mkono. Tena hatia hupimwa kwa ujuzi. Ndugu hakufundishwa neno lolote. Labda hana kosa kabisa. Muuguzi alijua. Naye alijua pia ya kuwa ndugu hajui, asimwambie.

Mambo yenyewe yanayotakiwa si makubwa. Mashine ijaribiwe kwa pafu la bandia kabla ya kuunganishwa na mgonjwa. Mirija ioshwe kwa dawa na kukaushwa, na maji yanayojikusanya ndani yake yamwagwe mbali na mgonjwa, yasije yakaingia mapafuni. Kengele ikilia, atazamwe kwanza mgonjwa, ndipo mashine. Kuinyamazisha bila kutazama ni sawa na kumziba mdomo anayeomba msaada. Panapotumika oksijeni pasiwe na moto, wala tumbaku, wala mafuta kwenye viungo vya chupa. Kichujio cha hewa kibadilishwe kabla hakijaziba. Na hapa Shabunda ina taabu yake: barabara ya Bukavu huharibiwa na mvua, vitu vingi huletwa kwa ndege ndogo, na kichujio kilichokosekana leo hakipatikani kesho. Kwa hiyo kuagiza mapema nako ni sehemu ya wajibu.

Wako wanaosema, mgonjwa akiisha kufa, kwamba ni mapenzi ya Mungu, na ya kwamba Kanisa lenyewe halilazimishi mashine hizi. Ni kweli kwamba tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pio XII, akijibu maswali ya waganga, alifundisha kuwa mtu hafungwi kutumia njia zisizo za kawaida zinazomlemea yeye au wengine kupita kiasi, na kwamba pasipo tumaini mashine yaweza kuondolewa. Lakini hilo ni shauri linaloamuliwa kwa dhamiri, mganga na jamaa wakiwa macho. Betri iliyosahauliwa haikuamuliwa na mtu yeyote.

Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliingia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, na mashine hazikutosha. Mganga Bjørn Ibsen akaonyesha kwamba hewa yaweza kusukumwa kwa mfuko unaobonyezwa kwa mkono kupitia mrija uliotiwa kooni. Wanafunzi wapatao 1,500 wakaketi kwa zamu, usiku na mchana, kwa miezi, kila mmoja akibonyeza mfuko kwa ajili ya mtu asiyemjua. Wagonjwa wengi waliodhaniwa kuwa wafu wakapona.

Mfuko wa kubonyeza kwa mkono hupaswa kuwekwa karibu na kila mashine ya kupumulia. Katika mfano ule wa Shabunda mfuko ulikuwapo, umefungiwa kabatini, na ufunguo ulikuwa nyumbani kwa muuguzi.