Dawa za Kuzuia Mimba na Sala za Wake Zetu

 

Ndugu zetu Waislamu, alinijia mtu baada ya darsa akaniletea swali la mkewe. Mwanamke huyo alidungwa sindano ya kuzuia mimba. Damu ikamjia siku yake ya ada, na haikukatika muda wa siku 40, yote kwa rangi moja. Siku zote hizo hakusali. Mume naye alikuwa na hasira, wala si kwa ajili ya sala. Yeye aliona kule kudungwa ndiko haramu.

Juu ya uharamu, na atulie. Sahaba Jabir ameeleza kuwa wao walikuwa wakifanya azl, yaani mume kumwaga nje, hali Qurani ikiteremka, wala hawakukatazwa. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ametaja miongoni mwa sababu za kujuzu azl kumchelea mke asife kwa uzazi. Wanavyuoni wengi wameshurutisha ridhaa ya mke. Katika madhehebu yetu ya Shafii wako wasioishurutisha, lakini mimi naona ni aibu mume kukata shauri peke yake katika jambo la tumbo la mwenziwe. Lililokatazwa ni kukata kizazi moja kwa moja pasipo dharura.

Ama njia zenyewe ni mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la homoni: vidonge, sindano, na vijiti vitiwavyo mkononi chini ya ngozi. Homoni hizo zafanana na zile ziundwazo na mwili wa mwanamke, na kwa kawaida hulizuia yai lisitoke. Vidonge vya mchanganyiko havimfai mwenye shinikizo la damu, wala aliyewahi kugandwa na damu mishipani, wala mama aliyejifungua juzi naye ananyonyesha. Sindano ya miezi mitatu haiharibu kizazi kama wasemavyo watu barazani, ila mwenye kuiacha huenda akangoja miezi kumi au zaidi kabla ya kushika mimba.

Fungu la pili halina homoni. Azl yenyewe imo, nayo ni dhaifu: katika wanawake 100 waitegemeao, kiasi cha 20 hushika mimba ndani ya mwaka. Mpira ni bora kidogo, tena huzuia maradhi. Kunyonyesha nako ni kinga kubwa, lakini kwa miezi sita ya mwanzo tu, mtoto asipewe kitu ila ziwa, na hedhi iwe haijarudi. Koili ya shaba hukaa miaka kumi, na wapatao mimba nayo kwa mwaka hawafiki mmoja katika 100.

Na hapa pana jambo ambalo muuguzi hataulizwa, na sisi masheikh twalionea haya. Koili ya shaba aghalabu huizidisha hedhi wingi na siku. Sindano na vijiti huvuruga hesabu yenyewe: damu huja pasipo wakati, au hukatika miezi. Basi mwanamke achaguapo, na ajue pia ni ipi itakayomtatiza katika sala na saumu yake.

Hedhi kwetu haizidi siku 15. Ikipita hapo, mwanamke ni mwenye istihadha. Huoga, kisha kila wakati wa faradhi uingiapo hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha na kusali, ijapokuwa damu yatoka. Hufunga Ramadhani, na ni halali kwa mumewe.

Mwanamke wetu huyu ada yake ni siku 7 katika kila 30. Na kwa kuwa damu yake haikubadilika rangi, hurudishwa kwenye ada: siku 7 za mwanzo ni hedhi, 23 ni twahara, 7 tena ni hedhi, na 3 za mwisho ni twahara. Kwa hiyo anadaiwa sala za siku 26, nazo ni 130. Hakuziacha kwa ukaidi, alidhani yumo hedhini. Kwa hivyo na azilipe kadiri awezavyo, hata kama ni siku moja pamoja na kila siku. Na mumewe, aliyeniletea swali, amshikie mtoto anaposali.