Kitabu cha Anwani Kina Mwenyewe

Mwishoni mwa Juni 2012 watumiaji wa Facebook waligundua kwamba anwani ya barua pepe inayoonekana kwenye kurasa zao si ile waliyoiweka wenyewe. Kampuni ilikuwa imeificha, na mahali pake ikaweka nyingine inayoishia na @facebook.com. Anwani hizo ilianza kuzitangaza mwishoni mwa 2010, na wengi hawakuwa na habari nazo. Watu walilalamika, wakaelekezwa namna ya kurudisha anwani ya zamani, na pengine mambo yangeishia hapo. Lakini simu za watu wengi zilikuwa zimeunganishwa na Facebook ili majina na anwani za marafiki zijisasishe zenyewe. Siku chache baadaye malalamiko ya pili yakaanza, na haya yalikuwa mazito zaidi: anwani zilikuwa zimebadilika ndani ya simu, kwenye kitabu cha anwani cha mtu binafsi, bila yeye kugusa kitu.

Fikiria ilivyokuwa. Mtu anataka kumwandikia mfanyakazi mwenzake kama afanyavyo kila siku. Anaandika herufi tatu za mwanzo za jina, simu inamalizia, anatuma. Barua haifiki kwenye kikasha cha kazini. Inaangukia kwenye ujumbe wa Facebook, na kama huko wawili hao si marafiki, inawekwa kwenye folda ya pembeni ambayo watu wengi hawakujua hata kama ipo. Hairudi na taarifa kwamba imeshindwa kufika. Aliyetuma ana hakika imefika, na aliyetumiwa hajui kwamba kuna barua inayosubiri jibu lake.

Kampuni ilipochunguza ilieleza kwamba kwenye simu nyingi mambo yalikwenda sawa, ila kwa baadhi ya vifaa palikuwa na hitilafu: badala ya kuchukua anwani kuu ya mtu, kifaa kilichukua iliyoongezwa mwisho kwenye akaunti yake. Iliyoongezwa mwisho ilikuwa ile ya @facebook.com. Kosa ni hilo tu, kati ya anwani kuu na anwani ya mwisho. Aliyewahi kuandika programu ya kusoma kanzidata na kujaza kitabu cha anwani analifahamu kosa la aina hii, kwa sababu majaribio hayalionyeshi kwa urahisi. Mtu wa mfano huwa na anwani moja, na kwa mwenye anwani moja, ya mwisho ndiyo hiyo hiyo kuu.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kazi yenyewe sasa inafanyika kila mahali, na mara nyingi anayeifanya ni kijana aliyeambiwa tu, "Unganisha hii na ile." Chukua SACCOS yoyote. Orodha ya wanachama iko kwenye kanzidata, katibu anaandika barua zake kwa Thunderbird au Outlook, na kunakili majina kwa mkono kunachosha. Kijana anaandika skripti ya kuendeshwa kila usiku. Asubuhi majina yote yapo, ofisi nzima inashukuru. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza ni hili: siku pande mbili zitakapotofautiana, nani mwenye neno la mwisho?

Na kutofautiana ni lazima. Mzee mmoja anapiga simu: "Mwanangu, ile barua pepe ya kazini siitumii tena, nimestaafu. Andika hii ya kwangu." Katibu anajibu, "Sawa, mzee wangu, nabadilisha sasa hivi," na anabadilisha kweli, kwenye kitabu chake cha anwani, kwa kuwa ndicho kilicho mbele yake. Saa nane usiku skripti inaamka, inaona tofauti, inarudisha anwani ya zamani. Mwezi unaofuata mzee hapati taarifa ya mkutano mkuu. Katibu anarekebisha tena, akidhani mara ya kwanza alisahau kuhifadhi. Inarudi tena. Taarifa sahihi iko kwa binadamu, ya zamani iko kwenye mashine, na mashine inashinda kwa sababu haichoki. Kisheria pia si jambo la kupuuza. Sheria ya Kenya ya 2019 ya kulinda taarifa binafsi, na ile ya Tanzania ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, zote zinampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Mzee alishaitumia haki yake. Skripti ndiyo iliyoifuta.

Kosa la kijana lilikuwa kudhani kwamba upande mmoja unaweza kutawala kadi nzima. Kadi ya mtu haina mwenyewe mmoja. Namba ya uanachama na tarehe ya kujiunga ni za kanzidata, hapo isibishaniwe. Simu na barua pepe ziende kwa mabadiliko ya karibuni yaliyofanywa na mkono wa mtu, na yakitokea kwa katibu yapelekwe kwenye kanzidata badala ya kufutwa. Yale maelezo ambayo katibu ameyaandika kwa matumizi yake, kwamba fulani apigiwe jioni kwa kuwa mchana yuko shamba, programu isiyaguse kabisa. Mgawanyo huu unaandikwa kwenye karatasi kabla ya mstari wa kwanza wa programu, na katibu awe amekaa hapo hapo mezani, kwa maana yeye ndiye anayejua nani hubadilisha nini.

Kisha kuna suala la kujua nani ni nani. Kadi za vCard, ambazo programu nyingi za barua pepe huzitumia kubadilishana anwani, zina sehemu iitwayo UID: kitambulisho kisichobadilika hata mtu akibadilisha jina, simu na kila kitu. Toleo la 4.0 la vCard lilichapishwa Agosti 2011, mwezi mmoja na CardDAV, utaratibu wa kusawazisha kadi hizo kupitia seva. Utambulisho umewekwa pale kwa makusudi, lakini bado wapo wanaolinganisha watu kwa majina. Kwetu hilo ni hatari kubwa. Kadi hutaka jina la ukoo, na wengi wetu hatuna; jina la tatu ni la babu, leo limeandikwa, kesho limeachwa. Orodha ya wanachama mia tano wa pwani inaweza kuwa na akina Fatuma Ali watatu. Ukikimbilia simu, mtu mmoja ameandikwa kwa sifuri ya mwanzo, mahali pengine kwa +255, na mahali pengine sifuri imeliwa na jedwali la kompyuta. Ukikimbilia barua pepe, baba na mama wote wameandikisha ya kijana wao aliye mjini. Skripti inawaona hao kuwa mtu mmoja, inawaunganisha, na deni la mmoja linatumwa kwa jina la mwingine.

Hatari ya kuunganisha kadi ilionekana kwa ukubwa wake Juni 2013, kwa kampuni ile ile. Facebook ilikuwa ikipokea vitabu vya anwani ambavyo watumiaji walivipakia, na kulinganisha yaliyomo na akaunti zilizopo ili kupendekeza marafiki. Kwa hitilafu, simu na barua pepe zilizoletwa na watu wengine zikaambatishwa kwenye anwani za mtu, na mtu huyo alipopakua kumbukumbu zake alipewa pia mawasiliano ambayo hakuwahi kuyajua. Watumiaji wapatao milioni 6 waliguswa. Hapakuwa na mwizi aliyevunja mlango. Ilikuwa ni kazi ya kulinganisha na kuunganisha, iliyofanywa bila kukumbuka kila taarifa ilitoka kwa nani.

Wanaotumia Outlook watakutana na jambo jingine: programu ya nje ikitaka kusoma anwani, huenda kikajitokeza kisanduku kinachouliza kama uiruhusu, na kwa dakika ngapi. Watu wengi hukiona ni usumbufu, na kijana wetu hutafuta namna ya kukizima. Kina historia yake. Tarehe 4 Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilianza kusambaa kutoka Ufilipino. Aliyefungua kiambatisho chake alikiachia kirusi kitabu cha anwani cha Outlook, na kirusi kikajituma kwa kila aliyeandikwa humo. Baada ya hapo Microsoft ikatoa sasisho lililoweka onyo hilo. Njia iliyo salama ni skripti kuandika kwenye seva kwa akaunti yake yenyewe, yenye ruhusa ya kitabu kimoja tu cha ofisi, na kile cha binafsi cha katibu kibaki nje.

Kwenye seva ya CardDAV kila kadi hubeba alama ya toleo, ETag. Skripti iliyoandikwa vizuri husema: badilisha kadi hii ikiwa alama bado ni ile niliyoisoma. Kama katibu ameigusa katikati, seva inakataa na kutoa jibu namba 412. Jibu hilo ni hazina, maana linakuambia hasa ni wapi watu wawili hawajaelewana. Nimeshuhudia likichukuliwa kuwa kero: sharti likaondolewa ili kumbukumbu za makosa zisijae, na kuanzia hapo wa mwisho kuandika akawa ndiye mkweli.

Kufuta ndiko kunakotakiwa kuogopwa kuliko yote. Nywila ya kanzidata ikibadilishwa Ijumaa jioni, skripti iliyoandikwa ovyo inapata orodha tupu, inaamini kwamba wanachama wote wameondoka, na inafuta kadi zote. Simu ya katibu nayo, kwa utiifu ule ule, inafuta zake. Kwa hiyo kila usiku, kabla ya kuandika chochote, kitabu chote kitolewe kwenye faili moja la .vcf lenye tarehe yake, likae mahali ambapo skripti haina ruhusa ya kufika. Mwanachama anayekosekana kwenye kanzidata awekewe alama tu, na kadi yake ibaki hadi katibu aithibitishe kwa mkono. Na usiku ambao zaidi ya kadi chache zinaonekana kustahili kuondolewa, programu isimame pale pale na kumtumia mhusika ujumbe wa simu, hata kama ni saa nane.